Kibao cha Zamu

Kitu cha kwanza kilichomshtua Wiebke kilikuwa kijiko. Lisbeth, binti wa dada yake, msichana wa miaka saba, alikuwa anakoroga maziwa kwenye kikombe cha udongo, anakoroga kwa nguvu mpaka maziwa yanazunguka kama mto uliokasirika, kijiko kinagonga huku na kule, na mlio hakuna. Hata ting' moja. Wiebke akajipekecha masikio, akasema moyoni ni uchovu wa treni.

Na treni yenyewe usiiseme. Kutoka Bremen kule kaskazini mpaka Wenzlingen ya kusini ni mbali kiasi kwamba mtu hupanda hana ndevu akashuka anazo, na Wiebke mwenyewe nusura ashuke nazo. Alikuwa na watoto wawili. Merle, wa miaka tisa, msema kidogo, mwenye macho ya hakimu. Na Fiete, wa miaka minne, ambaye mkunga wake aliziba masikio kwanza ndipo akamkata kitovu. Fiete akicheka nyumbani Bremen, meli bandarini zilikuwa zinageuza, nahodha akidhani ameitwa.

"Mlete huyohuyo na kelele zake," dada yake Antje alikuwa amembembeleza kwenye simu. "Nyumba yangu imepooza, mdogo wangu. Mji ni mdogo, mzuri, watoto wataona minara, wataona saa yenye wanasesere. Njoo."

Antje ndiye aliyemlea Wiebke mama yao alipofariki. Ndiye aliyemsuka nywele, aliyemfunga kamba za viatu. Kisha aliolewa kusini, yeye na Wiebke wakanuniana kwa jambo ambalo hakuna anayelikumbuka, miaka ikapita. Sasa anaita mwenyewe. Wiebke alilia kidogo, akafunga mabegi.

"Mbona Lisbeth hasemi?" aliuliza pale mezani.

"Ana haya," Antje akasema, bila kumtazama mtoto.

Nyumba ilikuwa ya mbao na udongo, ya zamani, imeinama juu ya barabara ya mawe kama mlevi anayetafuta funguo. Ukidondosha chungwa jikoni, unalifuata kwa jirani. Lakini ngazi, bwana. Ngazi za nyumba ile zilikuwa safi mpaka nzi akitua anateleza na kuvunjika paja. Sababu ni kibao. Watu wa kusini wana mambo yao: nyumba moja ina familia kadhaa, ngazi ni moja, basi kufagia ni kwa zamu, na kibao kidogo cha mbao chenye kamba huning'inizwa kwenye kitasa cha mwenye zamu. Ukikikuta kwako, wiki hiyo ngazi ni zako. Usipofagia, hawakusemi. Wanakutazama tu, na afadhali wangekusema. Mtu wa Bremen atajulia wapi? Kwao ngazi hufagiwa na upepo wa bahari, nao huja ukipenda.

Jioni ile Antje akapanda nao hadi chumba cha juu, cha wageni, kibao mkononi. Kilikuwa kimechakaa, kingo zimelika kama zimetafunwa.

"Shika," akamwambia Wiebke. "Chumba cha juu ndicho chenye zamu."

"Mgeni anafagishwa siku ya kwanza? Dada, si ungesema nije na ufagio wangu."

"Watu wa kaskazini hamna adabu ya ngazi. Shika kwa mkono, halafu sema umepokea."

"Naapishwa jeshini?"

"Desturi tu. Sema."

"Nimepokea, mkuu," Wiebke akasema, akapiga na saluti kabisa, watoto wakacheka.

Antje hakucheka. Alitoa pumzi ndefu, kama kuli aliyetua gunia. Na kule chini jikoni, palepale, kijiko kikasema ting'.

Asubuhi wakatoka kuona mji. Wakalisha bata kwenye mfereji chini ya lango kuu, wakala mikate ya fundo yenye chumvi, wakapanda mnara, na Fiete akaapa kwamba kutoka juu yake aliiona Bremen, na nyumba yao, na soksi zake kwenye kamba. Saa sita wakasimama mbele ya baraza la mji, saa kubwa ikafungua vijilango, wanasesere wa mbao wakatoka wakizunguka: mwokaji, askari wa mkuki, mtumishi wa kike mwenye ufagio.

"Wee mama wa ufagio," Fiete akapaza sauti, njiwa wote wa mji wakaruka, "shuka tucheze."

Wazee waliokuwa kwenye benchi wakamgeukia. Mmoja akamwangalia Wiebke, akaangalia tena mtoto, akanyanyuka akaenda zake.

Saa saba mji ukafunga madirisha. Mpaka saa tisa pale ni kimya cha mchana. Ukipiga msumari saa hiyo, jirani yako atakununia mpaka umzike. Wiebke akawalaza watoto, naye akajinyoosha, jua limejaa chumba kizima. Ndipo akasikia.

Fyaa. Fyaa. Fyaa.

Mtu anafagia ngazi. Katikati ya kimya cha mchana, katika mji ambao hata paka hupiga chafya kwenye mto. Polepole, kidato kwa kidato, akipanda. Na harufu ikatangulia, ya jivu lililomwagiwa maji, na maziwa yaliyoungua. Wiebke akafungua mlango. Ngazi tupu. Viatu vya watoto, walivyoviacha nje kama desturi ya nyumba, vilikuwa palepale, ila vya Fiete vilikuwa vimegeuzwa, ncha zimeelekea ngazini, na ndani yake mna jivu jepesi, lililofagiliwa humo kwa utaratibu kabisa.

Akavikung'uta. Akasema ni mchezo wa Lisbeth.

Walipotoka jioni, Fiete akakimbia kwenye barabara ya mawe, anakanyaga kwa nguvu zake zote.

"Mama," Merle akanong'ona, akamvuta mkono. "Fiete hasikiki."

"Unamaanisha nini?"

"Miguu yake. Sikiliza."

Wiebke akasikiliza. Akasikia viatu vyake, vya Merle, kengele ya baiskeli, maji ya mfereji. Mtoto wake alikuwa anaruka juu ya mawe mbele yao, na ilikuwa kama kutazama manyoya yakianguka. Nyuma yao, kwenye dirisha la nyumba ile iliyoinama, Lisbeth alikuwa anaimba. Mtoto mwenye haya. Anaimba, anapiga sufuria, na Antje anacheka naye mpaka anakohoa.

Kesho yake, kimya cha mchana kilipoingia, Wiebke akafunga mlango kwa funguo, akavuta kabati akalisukumia hapo, akaingiza viatu ndani, akamkumbatia Fiete kitandani. Na ufagio ukaanza chini kabisa, ukapanda, fyaa, ukafika mlangoni, ukanyamaza kidogo kama mtu anayesoma jina, kisha fyaa ikasikika upande wa ndani, chini ya kitanda, halafu juu ya shuka, na shuka ikajikunja taratibu kuelekea kooni mwa mtoto, na harufu ya maziwa yaliyoungua ikawa nzito mpaka inalika. Fiete akafungua mdomo. Mishipa ya shingo ikasimama, uso ukawa mwekundu, machozi yakamwagika, analia kilio chake kilekile cha kugeuza meli, na chumbani palikuwa kimya hata nzi dirishani alisikika.

Wiebke akasukuma kabati, akambeba, akashuka mbio, Merle nyuma yake. Kwa Antje mlango ulikuwa umefungwa. Akagonga wa chini kabisa, kwa Bi Gwinner, bibi kizee ambaye masikio yake yalikufa zamani, akabaki akiwasoma watu midomo. Bibi akafungua, akamwona mtoto anayelia bila sauti, akakiona kibao ambacho Wiebke hakujua hata alikichukua saa ngapi, kimening'inia mkononi mwake.

"Kumbe amekupa wewe," akasema taratibu. "Nani wake?"

"Mdogo wake."

Bi Gwinner akafumba macho. Alipofumbua akainama, akautazama mdomo wa Fiete kwa makini.

"Anasema nini?" Wiebke akauliza. "Bibi, unamsoma?"

"Anasema, mama, mwambie aache kunifagia."

Akawaambia kwa maneno machache, akiangalia ngazi. Nyumba ile ilikuwa na mtumishi, msichana. Aliangusha sufuria ya maziwa saa ya kimya, bwana mwenye nyumba akaamka, akampiga, akamtupa ngazini na ufagio wake. Tangu hapo anafagia. Hafagii vumbi, anafagia sauti, na anapenda za watoto. Kinapokaa kibao ndipo anapopanda.

"Nitakichoma."

"Wamekichoma. Asubuhi kiko kwenye kitasa."

"Naondoka. Treni ya sasa hivi."

"Walikwishakimbia wengine. Kibao walikikuta kwenye mlango wa behewa. Hakitoki mpaka mtu akipokee kwa mkono na kwa mdomo. Mji mzima unajua, hakuna anayepokea. Antje alizunguka nyumba hadi nyumba, akapiga magoti mbele yangu hapa, mimi nisiye na mtoto. Ikabidi amtafute wa mbali. Asiyejua kibao."

Wiebke akahisi kama aliyekanyaga kidato ambacho hakipo. Simu ile. Mlete huyohuyo na kelele zake.

"Miguu, kisha sauti," akasema. "Kisha nini?"

"Pumzi nayo ina mlio, binti yangu," Bi Gwinner akasema. "Na moyo. Na huyu wako hafanyiwi taratibu kama Lisbeth. Yeye kamwita mwenyewe pale kwenye saa, wazee walisikia."

Bibi akageuka ghafla, pua juu. Jivu na maziwa. Wiebke akaelewa kabla ya kusikia: leo hangoji kesho.

Akapanda hadi kwa Antje, akagonga kwa kiganja.

"Dada, fungua."

Sauti ya Antje ikajibu, karibu kabisa na ubao wa mlango, kama amejibanza hapo. "Nenda, Wiebke."

"Fiete anakufa. Chukua kibao chako."

"Siwezi."

"Ulinilea wewe. Ulinilisha kwa mkono wako."

"Nilikulea," Antje akasema, na alikuwa analia, na kulia kwake hakukumzuia. "Lisbeth nimemzaa."

Chini, fyaa ikaanza, nayo safari hii haikupanda kidato kwa kidato bali kama mwenye haraka, mwenye kazi aliyoikatisha, na Fiete mikononi mwa Wiebke akalegea, kifua kinapanda na kushuka lakini pumzi haisikiki puani, na Wiebke akaweka sikio kifuani mwake akausikia moyo, mbali, kama mtu anayegonga nyumba ya tatu, kisha ya nne, kisha mwisho wa barabara, na yeye anagonga mlango, anamwita dada yake kwa jina la utotoni ambalo hakuna mwingine duniani aliyelijua, na mlango haufunguki, na harufu imeshafika magotini.

Halafu komeo likateleza. Si mkono wa Antje. Mlango ukafunguka upana wa kichwa cha mtoto, na Lisbeth akachungulia, mdomo una jamu.

"Mama mdogo, usilie," akanong'ona. "Nipe mimi. Mimi nimeshamzoea."

Akanyoosha mkono. Nyuma yake Antje alikuwa sakafuni, ameficha uso magotini kwenye kona, hajaona bado.

Wiebke aliutazama mkono ule mdogo, kucha zina rangi za kuchorea. Angeweza kuufunga mlango. Alijua hivyo wakati ule, na amejua kila siku tangu wakati ule.

"Sema umepokea," akasema. Na sauti iliyotoka ilikuwa ya dada yake, ileile, neno kwa neno.

"Nimepokea, mama mdogo."

Fiete akapiga kelele. Kelele gani ile. Vigae vilicheza juu ya paa, mbwa wa wilaya tatu walibweka, wanasesere wa saa walitoka nje bila kuitwa, na madirisha ya mji mzima yalifunguka kuona nani amevunja kimya cha mchana. Wiebke hakungoja mabegi. Alishuka na watoto wake wawili, na kutoka juu akamsikia Antje anaita, "Lisbeth. Lisbeth. Jibu, mwanangu, jibu mama." Jibu halikusikika.

Kwenye treni Fiete alikula, akaimba, akamtukana mkata tiketi, akalala anakoroma kama mashine ya kupasulia mbao, na Wiebke akaushukuru kila mkoromo. Merle alikaa mkabala. Tangu kwenye ngazi hakuwa amesema neno. Alikuwa amesimama pale, kidato kimoja nyuma, ameona kila kitu.

"Merle," Wiebke akasema. "Mwanangu. Una njaa?"

Mtoto akamtazama.

Wiebke akajaribu kukumbuka kama alizisikia hatua zake barabarani, wanakimbilia stesheni. Alikumbuka za Fiete. Alikumbuka zake mwenyewe. Akaangalia mlango wa behewa. Kwenye kitasa hapakuwa na kitu. Akaangalia tena.

"Sema kitu kidogo tu," akanong'ona. "Au kanyaga. Piga mguu chini mara moja, mama nisikie."

Merle akamtazama kwa macho yale ya hakimu, muda mrefu. Kisha akainua miguu yote miwili kutoka sakafuni, polepole, akaikunja kwenye kiti, akageukia dirisha.