Bati Chini ya Bampa

Nyumba ya Ghalibu pale Mtendeni ilikuwa na raha yake, ndugu zangu. Asubuhi Tufaha, mkewe, humsuka barazani binti yao Nunu wa miaka minne, naye Ghalibu hunywa kahawa akilitazama gari lake, Pijo jeupe. Mwaka huo wa 1974 wenye magari Tabora walihesabika. Hilo pekee lingemtosha mtu.

Yeye halikumtosha. Aliona gari la mgeni kutoka Dar, limefungwa bati la urembo chini ya bampa la nyuma, na tangu siku hiyo hakutulia. Aliagiza la kwake, likaja kwa treni, akampelekea Lugembe, fundi wa bodi.

Lugembe alitoboa sakafu ya buti, akalikaza bati kwa bolti. Kisha puti ya kuficha kiungo na msasa, puti na msasa, siku tatu. Ghalibu alikuja asubuhi na jioni kupitisha kidole kwenye kiungo, akidai bado anakisikia. Rangi ilipokauka, bati na gari vikawa kitu kimoja.

"Sasa nikate pengo, ekzosi ipumue," Lugembe alisema. "Bomba la moshi linaishia nyuma ya bati. Na matundu ya bolti nayo niyazibe."

"Uiharibu sura yote hii? Kesho Jumapili naenda Urambo kwa wakwe. Acha hivyo hivyo."

"Moshi utaingia ndani, Ndugu Ghalibu."

"Moshi haukosi njia."

Mnaikumbuka amri ya mwaka ule ya kubana mafuta: Jumapili ikigonga saa nane mchana, gari barabarani ni kosa. Ghalibu alichelewa kuondoka kwa kulifuta gari mara mbili, basi akalikimbiza. Njia ya Urambo ilikuwa vumbi tupu. Aliamuru vioo vya nyuma vifungwe. Chake akakiacha wazi, kiwiko nje.

"Baba Nunu, kichwa kinaniuma," Tufaha alisema kutoka nyuma, mtoto kalala mapajani. "Nifungue kidogo?"

"Viti vitachafuka. Vumilia, tumekaribia."

Akaomba tena, ulimi mzito. Kisha akanyamaza, na Ghalibu, nasema bila kuficha, alifurahi kupata utulivu. Jicho lake lilikuwa kwenye saa.

Walifika saa nane kasoro robo. Ghalibu alimshika mkono baba mkwe, akamzungusha nyuma kumwonyesha bati. Mama mkwe ndiye aliyefungua mlango, na Tufaha akamwangukia. Walimlaza chini, wakampepea, akatapika, akafumbua macho. Akamwita Nunu. Nunu hakuitika, wala hakuitika tena.

Ghalibu aliomba nyundo. Alilipiga bati lile huku akilia, mpaka wanaume wakamshika mikono. Lilikuwa limeungwa vizuri mno, halikutoka.

Funzo

Urembo si kosa, wenzangu. Kosa ni kumwita fundi kisha kumziba mdomo, na kumwambia anayeumwa avumilie ili kiti kibaki safi. Akilalamika mtu wako, simama umsikilize. Na akinyamaza, usifurahi kabla hujageuka ukamtazama.