Picha za Siku ya Haidari

Kila asubuhi Haidari alisimama mbele ya ukuta na kuisoma siku yake kwa kidole. "Kuamka. Kunawa. Uji. Kucheza. Kula. Kumpokea Mama. Kulala!" Picha hizo alizichora dada yake Hadija, wa darasa la tano, kwenye vipande vya maboksi ya sabuni. Alikuwa ameona zinavyotumika kufundishia watoto wadogo huko Kibiti, kwa shangazi yake. Sasa mdogo wake wa miaka mitano alijua kipi kinatangulia na kipi kinafuata, na Hadija alijivuna kweli kweli.

Siku alizozichora, maji ya bahari yalikuwa yanakupwa na kupungua adhuhuri. Mama yao, Bi Muzdalifa, alikuwa akivuka kijito kwa miguu kwenda kuchimba kaa mikokoni, maana wanunuzi wa Dar es Salaam walikuwa wameanza kuwafuata kaa hao hadi kijijini kwao Kiongoroni. Watoto walimpokea kijitoni baada ya chakula. Lakini maji hayana saa moja ya kudumu, jamani! Wiki iliyofuata yalikupwa alfajiri, na adhuhuri yakawa yanajaa. Siku moja Mama alirudi mapema, akapitiliza kwa mnunuzi bila kupita nyumbani. Picha zilibaki vilevile.

Adhuhuri Hadija alimwacha Haidari akila, akaenda kisimani. Aliporudi, mtoto hayupo. Alikimbia hadi kijitoni, roho mkononi. Haidari alikuwa ameifuata picha ya kumpokea Mama, akavuka maji yakiwa bado machache; sasa alikuwa ng'ambo, juu ya mizizi ya mkoko, na maji ya matope yanapanda kwa kasi.

"Dada! Mama hayupo! Naja huko!" Akateremsha mguu.

"Usishuke!"

Mtoto akateremsha wa pili. Hadija akainua kidole kama Haidari afanyavyo ukutani. "Haidari, kuna picha mpya! Kwanza, panda juu. Umepanda?"

"Nimepanda."

"Kisha kumbatia mti. Kisha hesabu kwa sauti, usiache!"

"Halafu?"

"Halafu mtumbwi!"

Sauti ndogo ikaanza kuhesabu, inatetemeka. Hadija akamkimbilia jirani yao, Mzee Mwinjuma, mkata boriti, akiita mpaka koo likawaka. Mzee alisukuma mtumbwi, wakapiga makafi. Walipomfikia, maji yalikuwa yanamgusa miguu, naye bado anahesabu, namba zote amezivuruga. Hadija alimkumbatia akalia bila aibu.

Jioni aliinamisha kichwa mbele ya mama yake. "Nisamehe, Mama. Nitazichana zote."

"Usizichane," Mama alisema, sauti bado haijatulia. "Kujua kipi kwanza na kipi baadaye ndiko kulikomshikilia mdogo wako pale mtini. Lakini mwanangu, umempangia siku za Kibiti, mbali na bahari. Hapa kwetu siku inapangwa na maji, na maji hubadilika. Kila asubuhi yatazameni kwanza, ndipo mpange. Na mtoto mdogo haachiwi kujichunga, hata awe na picha ukuta mzima. Mimi nami nilikosea, sikuwaaga."

Asubuhi yake Hadija alimshika Haidari mkono, wakaenda kuyatazama maji: yalikuwa yameanza kujaa, na Mama angerudi upesi. Waliporudi, Haidari mwenyewe aliichomoa picha ya Mama, akaibandika kabla ya uji.