Nondo Wanaogeuka Njiani

"Soma mwenyewe. Kwa sauti."

Mtafiti alimsukumia mwenzake simu, ikateleza katikati ya vizimba vya nondo, wale wadudu kama vipepeo wanaoruka usiku. Mwenzake huyo maabara nzima ilimwita Mkavu, kwa kuwa hakujua kubembeleza hata mtoto. Alikohoa kidogo, akasoma:

"Malkia wangu, usingizi umenikimbia, chakula hakipiti kooni. Nakuwaza wewe tu."

"Jana mchana ulikula sahani mbili mbele yangu."

"Tatu," alisahihisha Mkavu.

"Nani ameandika?"

"Nimetuma mimi."

"Sijauliza nani ametuma."

Mkavu aligeukia vizimba, akaanza kuhesabu nondo.

"Basi nikusaidie. Ujumbe huu naujua neno kwa neno. Mdogo wangu ameutunza kwenye simu yake tangu anachumbiwa na mdogo wako!"

Ni kweli. Mdogo wake Mkavu, kinyozi mwenye maneno ya asali, alimwoa mdogo wake mtafiti mwaka uliopita. Ndiye aliyemshauri kaka yake: "Hao wamezaliwa tumbo moja. Kilichomnasa mke wangu kitamnasa na dada mtu. Wewe nakili, tuma."

Simu ya Mkavu ikaita. Kinyozi huyo.

"Weka spika," aliamuru mtafiti.

"Kaka, vipi? Shemeji amelainika?"

"Shemeji anakusikia."

Upande wa pili mashine ya kunyolea ilizimwa ghafla.

"Shem... hapa nina mteja kichwa nusu. Nitakupigia." Akakata.

Mtafiti alivuta pumzi. Hasira ilikuwa imemshuka, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi.

"Saa tisa natakiwa kukijibu kile kituo kipya cha utafiti kilichonipa kazi, naenda au siendi. Wiki nzima nasubiri neno moja kutoka kwako. Umeniletea mabaki ya mdogo wangu."

Mkavu aliinuka, akawasha feni ya bomba refu la kioo. Mwanzoni mwa upepo alining'iniza kipande cha mpira kilicholoweshwa harufu ya nondo jike. Upande wa pili akafungua kizimba cha madume wa aina ya kwanza. Wakaifuata harufu dhidi ya upepo, moja kwa moja mpaka kwenye mpira. Kisha akafungua kizimba cha ndugu zao wa karibu, wenye mabawa yaleyale na rangi ileile. Wakaruka mpaka katikati, wakasita, wakageuka.

"Majike wa aina zote mbili hutoa viambato vilevile vya harufu," alisema. "Kinachotofautiana ni kipimo. Kimoja kikizidi kidogo tu, hawa wa pili hawaji. Hiyo ndiyo kazi yangu kila siku, na bado nikakupimia wewe kwa kipimo cha mdogo wako. Ni kosa la mwanafunzi. Nisamehe."

"Kwa hiyo mimi ni nondo dume?"

"Kwa mfano huu, ndiyo."

Mtafiti aliuma mdomo asicheke. "Haya. Niambie kwa kipimo chako, basi."

"Ulipokwenda likizo nilianza kukosea hesabu. Nikaenda kupima macho. Daktari akasema macho ni mazima. Uliporudi, makosa yakaisha." Alitazama viatu vyake. "Sina maelezo mengine. Nakupenda. Kile kituo nenda, ile kazi inakufaa. Mimi nitaomba uhamisho nikufuate."

"Ungekuja kweli? Uache nondo wako?"

"Nondo wapo kila mahali."

Mtafiti aliichukua simu yake, akapiga.

"Shikamoo, Mkurugenzi. Nimeikubali kazi. Nina swali moja tu: hiyo nyumba mnayotoa ni ya mtu mmoja, au ya familia?"

Akasikiliza, kisha akaifunika simu kwa kiganja.

"Anauliza familia ya watu wangapi."

"Wawili," alisema Mkavu. Akafikiri kidogo. "Kwa kuanzia."