Goti la Bwana Harusi

"Usinizungushe. Nimekuuliza, mchana unakuwa wapi?"

"Nimeshakujibu, kipenzi. Mazoezi ya goti."

"Kwa nani?"

"Kwa mtaalamu wa viungo. Pale pale siku zote."

Fundi cherehani aliizungusha tena tepu kwenye paja la kulia la mchumba wake, akaibana, akaiachia. Alikuwa anampima suruali ya harusi. Mchumba huyo, beki wa timu ya mpira, alisimama mbele ya kioo cha duka akiwa na bukta, huku shati jeupe limefungwa vifungo hadi shingoni, kana kwamba nusu yake imeshaoa na nusu bado inafikiria.

"Basi huyo mtaalamu anakufundisha kulala," fundi alisema. "Paja limekonda kuliko nilipokupima mara ya kwanza. Goti nalo limevimba. Mazoezi gani hayo?"

"Labda tepu yako imezeeka."

"Tepu haina mtu wa pembeni. Haina sababu ya kudanganya."

Beki alicheka, kicheko kikaishia njiani.

Walikutana kwenye foleni ya hospitali. Fundi alimpeleka mama yake kutibiwa macho. Beki alikuwa ametoka kuunganishwa kano la goti, ile kamba inayoshika mifupa isipishane. Gongo lake likakanyaga gauni la kijani la fundi, pindo likachanika. Fundi alitoa sindano kwenye pochi akalishona palepale. "Nami nishone basi," beki alimtania. Mapenzi yakaanzia hapo.

Lakini siku hizi simu ya beki ililala kifudifudi kila alipoketi, naye alifika akinukia sabuni mchana kweupe. Shangazi yake fundi alishatoa hukumu: mwanamume anayeoga mchana ana jambo.

Simu iliita mezani. Wote wawili wakaitazama.

"Pokea."

"Nitampigia baadaye."

"Pokea, na uweke sauti ya juu."

Sauti ya mwanamke, laini kama hariri, ikajaa dukani. "Kaka, ndiyo umenitoroka kabisa? Kila siku nakusubiri."

Fundi alichomoa pini mdomoni, akazichomeka kwenye kitambaa. "Unamsubiri kwa lipi, dada?"

"Samahani, naongea na nani?"

"Anayeolewa naye."

"Mimi ni mtaalamu wake wa viungo. Kaka, nimwambie?"

Beki aliinamisha kichwa. "Mwambie."

"Hajaja tangu timu iingie kambini. Kano limeshika vizuri. Shida ni gegedu, ule mto laini kati ya mifupa. Limeanza kulika. Akirudi uwanjani na paja dhaifu hivyo, goti litazeeka kabla yeye hajaota mvi. Nilimkataza kucheza."

Fundi alishukuru, akakata simu.

"Kumbe unacheza."

"Fainali tu, mpenzi. Kocha anasema nitachomwa sindano ya maumivu, sitasikia kitu."

"Nilikuwa najiandaa kupambana na mwanamke. Kumbe mke mwenzangu ni mpira."

"Ningekuambia nini? Wewe unaolewa na beki. Gegedu likiisha utabaki na mtu wa kushika kuta."

"Nilikukuta makwapa yamechubuliwa na magongo, hata kukaa unasaidiwa. Nani alikwambia nilimpenda beki?" Aliiviringisha tepu kiganjani. "Goti litatibiwa. Uongo ndio sijui unatibiwaje. Mimi nakupima, wewe unanidanganya usoni. Harusi ipo au haipo, inategemea utakachofanya sasa hivi. Usiniambie kesho."

Beki alijiangalia kwenye kioo, kisha akachukua simu.

"Mwalimu, shikamoo. Nitoe kwenye fainali... Hapana, sindano sitaki... Najua tumetoka mbali. Lakini kombe ni la timu, Mwalimu, goti ni langu."

Alipokata, macho yalikuwa mekundu. Fundi aliichukua ile simu akatazama namba iliyopigwa. Ilikuwa ya kocha kweli.

"Vaa suruali yako," alisema akichomoa pasi.

"Tunakwenda wapi?"

"Kwa huyo dada wa sauti laini, kabla hajafunga."

"Yaani bado huniamini?"

"Bado."

Akafunga duka, akamshika mkono hadi kwenye ngazi, akamwachia.

"Tangulia wewe. Nataka kuona unavyoshuka na hilo goti."