Watoto Wasiohesabiwa wa Semarkheda

Kila asubuhi kijijini Semarkheda, kabla moto wa chapati haujakolea, Bibi Gomti aliwapaka wajukuu wake wanne wanja kwenye paji la uso. Kila mtoto doa moja jeusi.

"Kijicho kipite mbali," alisema.

Ukimuuliza ana wajukuu wangapi, angekujibu, "Wapo, wapo." Mtoto akihesabiwa hupungua. Ndivyo mama yake alivyomfunza.

Siku moja ya mvua kubwa Rajni, mke wa mwanawe, alishikwa na uchungu.

"Mama, safari hii si kama zile nyingine," alisema huku ameng'ang'ania nguzo. "Nakufa, mama!"

Halke, mumewe, akapiga simu. Gari la wagonjwa lilikuja mbio, likakwama mbali. Lami iliishia kijiji cha jirani. Kutoka hapo ilikuwa njia ya ng'ombe, na mvua ilikuwa imeigeuza uji. Wanaume wanne walimlaza Rajni kwenye kitanda cha kamba, wakakibeba mabegani. Walizama hadi magotini. Mtoto akazaliwa papo hapo, njiani, mvua ikimpiga.

Hakulia. Gomti alimsugua mgongo, akampulizia puani, akambembeleza. Hakulia.

Hospitalini Rajni alipona kwa taabu. Wangechelewa kidogo tu, daktari alisema, wangezika wawili.

Urmila, mhudumu wa afya wa kijiji, alipokuja kuhani, Gomti alimpokea kwa hasira.

"Serikali hii haina macho! Wenzetu wana lami mpaka mlangoni. Sisi tumekosa nini?"

"Nikikwambia hutakasirika, mama?"

"Sema tu. Hasira gani tena imebaki?"

"Barabara hupewa kwanza kijiji chenye watu wengi. Mwaka juzi karani alipita nyumba kwa nyumba kutuhesabu. Wewe ulimwambia mko wangapi hapa?"



"Watatu," Gomti alisema kwa sauti ndogo.

"Na hawa wanne?"

"Niliwafungia ndani."

"Basi majirani nao walikufuata. Walisema, 'Bibi Gomti kaficha wake, sisi ni nani?' Kwenye karatasi, Semarkheda ina nusu tu ya watu wake. Nusu, mama! Nani atajenga barabara ya kwenda kwa watu ambao hawapo?"

Gomti aliwatazama wajukuu wake, akatazama mikono yake yenye wanja.

"Kumbe ni mimi," alisema. "Ewe Mungu, kumbe ni mimi! Nimeruka majivu, nimekanyaga moto."

Urmila akamshika bega. "Hukujua, mama. Hata chanjo huletwa kwa hesabu hiyo hiyo, hata madawati ya shule. Wapake wanja, hakuna ubaya. Lakini wahesabu."

Baraza la kijiji liliomba hesabu irudiwe. Gomti alipiga hodi mlango kwa mlango.

"Toeni watoto nje! Na wachanga! Anayeogopa kijicho aje kwangu, wanja ninao!"

Karani alipofika kwake, alikuta wajukuu wamepangwa mlangoni, kila mmoja na doa lake. Gomti alimtajia watu wa nyumba yake, jina kwa jina.

"Saba," alisema. Kisha akaongeza, "Tungekuwa wanane."

Karani aliinamisha kichwa, akaandika saba.

Barabara haikuja upesi, lakini ilikuja. Rajni aliposhikwa na uchungu tena, mvua ilikuwa ileile, lakini gari la wagonjwa lilisimama mlangoni.

"Mnakwenda wangapi?" dereva aliuliza.

"Watatu," Halke alijibu.

"Wanne!" Gomti alimkatiza, mkono wake juu ya tumbo la Rajni. "Na huyu mhesabu."

Walikwenda wanne. Wakarudi wanne, na wa nne akilia njia nzima.