Hita ya Gari la Melkiadi

Saa saba mchana, jua la Ilembo, Mpanda, likiwaka, fundi Makoye aliona vioo vya gari la marehemu Melkiadi, lililovutwa hadi gereji kwake, vimeshika ukungu, kana kwamba mtu amelala humo anapumua. Milango ilikuwa imefungwa na betri alishaitoa mwenyewe. Akapitisha kitambaa kiooni. Ukungu haukufutika, ulikuwa kwa ndani.

Lilikuwa gari la zamani la mashindano, injini nyuma, halina rejeta. Linapozwa kwa upepo tu. Hata hita yake haitumii maji: hewa inapita kwenye maboksi ya bati yanayozunguka mabomba ya ekzosi, inapata joto, inaingia kwa dereva. Bomba likipasuka, moshi nao unaingia. Ni ugonjwa wa kawaida wa magari hayo. Mwezi wa tano, alipofungua injini kubadilisha boliti, Makoye aliuona ufa wenyewe, unaingia ukucha. Akaufunika tu, bila kuuziba wala kumwambia Melkiadi.

"Kwa joto hili la Mpanda, nani anawasha hita?" alijiambia.

Mwezi wa saba Melkiadi akaenda Sumbawanga. Baridi ya Ufipa ilimkuta na shati jepesi. Akapandisha vioo, akafungua hita. Walimkuta pembeni ya barabara kama aliyesinzia, injini bado inanguruma.

Msibani watu waliuliza imekuwaje, na Makoye ndiye aliyejibu kwa sauti ya chini: "Lile gari lina jini." Aliona aibu hapo hapo, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mji mzima ulilishika neno lile.

Sasa jini lilikuwa limekuja kweli. Makoye alisogea nyuma ya gari, akainua boneti, na harufu ya ekzosi ikampiga usoni kutoka kwenye injini ya baridi iliyokaa wiki tatu bila kuwashwa, kisha feni isiyo na mkanda ikaanza kuzunguka polepole, ikikwaruza, ikiongeza mwendo, na kutoka kwenye kiti cha mbele ikaja sauti anayoijua, ya mteja aliyezoea kuuliza kila jioni: "Fundi, umemaliza?"

Alikimbia bila viatu hadi kwa bibi Nyamizi, mganga. Bibi alikuja na Specioza, mama Heri, mjane wa Melkiadi, maana gari sasa ni lake. Akazunguka gari mara moja tu, hata dawa hakufungua.

"Huyu hakuzaliwa humu," alinong'ona. "Ameitwa. Nani alimtaja kwanza?"

"Mimi, bibi."

"Basi mwambie mwenzio kilichomuua mumewe. Chote, mwanangu. Ukibakiza kitu, atahamia hapo hapo ulipobakiza."

Makoye alimgeukia Specioza. "Mama Heri, haikuwa jini. Bomba lilipasuka, moshi ukaingia kwa hita."

Specioza alimtazama. "Ulikuwa unajua?"

Makoye alimkumbuka Melkiadi akimpa mkono siku ile alipolichukua gari, akisema Mungu akubariki fundi wangu. Roho ilimuuma. Neno lilifika ulimini, akalimeza.

"Sikujua, mama Heri. Kweli vile."

Feni ikasimama. Ukungu ukayeyuka viooni, gari likabaki gari. Bibi Nyamizi hakufurahi. Alirudi nyuma hatua mbili.

Specioza, machozi yakimtoka, alimnyooshea fundi mkono wa msamaha. Kabla haujafika aliurudisha, akaziba pua kwa kanga.

"Fundi, mbona pumzi yako inanuka ekzosi?"

Makoye alifungua mdomo amjibu. Sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Fundi," ilisema, "umemaliza?"