Breki za Kuazima

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Asmaa aliosha gari la baba yake. Alianza na kioo cha mbele, kisha taa, kisha milango iliyojaa vumbi jekundu la kijiji chao, Nkowe. Alikuwa darasa la sita, na kazi hiyo aliipenda kuliko zote za nyumbani.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, lililotumika ng'ambo kabla ya kuletwa nchini. Madereva wa Ruangwa waliita aina hiyo Sisimizi, kwa jinsi ilivyobeba mizigo mikubwa kuliko umbo lake. Nurdini, baba yake Asmaa, alilitumia kusafirisha abiria kati ya Ruangwa na Nachingwea. Sisimizi lilikuwa na sifa moja kubwa: likipelekwa kwenye ukaguzi wa mwaka, linapita. Magari ya aina nyingine yalirudishwa yakatengenezwe, leo taa, kesho usukani. Sisimizi lilirudi na stika yake siku hiyo hiyo. "Ukiwa na Sisimizi, trafiki hakusumbui," madereva waliambiana stendi, na Nurdini alipenda kuyarudia maneno hayo nyumbani.

Mwaka huu, hata hivyo, gari lilikuwa limechoka. Matairi ya nyuma yalikuwa vipara vitupu, na breki zilipiga kelele. Wakati mwingine Nurdini alilazimika kukanyaga mara mbili ndipo gari lisimame. Lakini msimu wa korosho ulikuwa umeanza, abiria walikuwa wengi, naye hakutaka kulilaza gari gereji.

Siku moja kabla ya ukaguzi, alikuja Severini, dereva mwenzake, na Sisimizi lake lililokwisha kukaguliwa. Wakayapiga jeki magari yote mawili uani. Asmaa alishika nati huku akitazama matairi na pedi za breki za Severini zikihamia kwenye gari la baba yake.

"Baba, hivi tumevinunua?" aliuliza.

"Tumeazima tu. Magari haya ni mapacha, kila kitu kinaingia. Tukishapata stika tunamrudishia mwenyewe."

"Na zile breki zetu zinazolia?"

Nurdini alifuta mikono kwenye suruali. "Sisimizi halina neno, mwanangu. Halafu haya ni mambo ya watu wazima, usiyatoe nje. Hata mama yako usimwambie."

Kesho yake gari likakaguliwa na kupewa stika. Kabla jua halijazama, vitu vya Severini vilikuwa vimerudi kwake, na breki za zamani zimerudi mahali pake.

"Limepita?" aliuliza Hajra, mama yake Asmaa, akipakua ugali.

"Mara ya kwanza tu, kama kawaida!" Nurdini alijibu akicheka. Asmaa aliinamia sahani yake.

Rafiki mkubwa wa Asmaa alikuwa Johari, binti wa Masanja, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka upande wa Ziwa Viktoria. Johari alipoingia shuleni, wanafunzi walimcheka kwa matamshi yake, lakini Asmaa akaenda kukaa naye. Tangu hapo hawakuachana. Johari alimfundisha mwenzake kukamua, na Asmaa akamfundisha kubangua korosho bila kuunguza vidole.

Jumamosi moja Johari alifika barabarani amebeba dumu la maziwa. Dada yake Hosiana alikuwa amejifungua Nachingwea, na Johari alitumwa kumpelekea. Nurdini alikuwa akipakia abiria. Johari alilitazama gari, kisha akamvuta Asmaa pembeni.

"Asmaa, gari lenu ni zima kweli? Mama anaogopa ile miteremko. Ameniambia nikiona mashaka nisubiri basi."

Asmaa alimtazama baba yake, aliyekuwa akifunga mizigo kwa kamba.

"Limepita ukaguzi," alisema. "Stika ile pale."

Johari akatabasamu, akapanda kiti cha nyuma, akapakata dumu lake. Gari likaondoka.

Habari zilifika kabla ya adhuhuri, zikiletwa na kijana wa bodaboda. Kwenye mteremko wa kuelekea darajani breki hazikushika. Nurdini alikanyaga mara moja, mbili, tatu, gari likaacha njia na kugonga mkorosho. Yeye alivunjika mkono, na abiria kadhaa waliumia. Johari alikufa pale pale.

Msibani watu walisema ni mipango ya Mungu. Walisema gari lilikuwa zima, stika ilionekana kwenye kioo, breki zilikatika ghafla. Hivyo ndivyo Nurdini alivyowaeleza polisi akiwa kitandani hospitalini. Asmaa aliyasikia hayo akiwa amekaa mkekani kati ya akina mama, akashindwa kuvumilia. Alimshika Hajra mkono, akamtoa nje, akamweleza kila kitu.

Hajra hakumfokea. Alikaa chini kwenye vumbi, akajifunika uso kwa kanga, akalia. Kisha akainuka, wakaenda pamoja hospitalini.

"Baba Asmaa," alisema, "mtoto amesema. Sasa sema na wewe."

Nurdini aligeukia ukutani. Alilia. Mwisho akasema, "Niitie yule askari."

Alieleza yote, na Severini naye akakiri. Nurdini alihukumiwa kifungo. Polisi waliyasimamisha magari yote ya Sisimizi barabarani bila taarifa, wakayakagua upya. Mengi yalikutwa na breki mbovu, yakazuiwa mpaka yalipotengenezwa.

Baada ya hukumu, Hajra alimpeleka Asmaa kwa Masanja kuomba radhi. Walimkuta zizini.

"Shikamoo, Baba Johari," alisema Asmaa, machozi yakimtoka. "Aliniuliza kama gari ni zima, nikamwonyesha stika tu. Ya breki sikumwambia."

Masanja aliweka mkono juu ya mgongo wa ndama.

"Marahaba, mwanangu," alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Mimi ni mfugaji. Kuna ukoo wa ng'ombe unaosifiwa kwetu kote. Lakini ng'ombe akilegea, simtibu kwa sifa za ukoo wake. Namkagua yeye mwenyewe. Baba yako aliamini jina la gari, akaacha kulitazama gari. Na wewe, ulimwambia Johari jambo la kweli ili usimwambie ukweli. Mtu akikuuliza kama yuko salama, mwambie yote unayoyajua, hata kama mkubwa amekukataza."

"Nisamehe, baba."

"Uchungu wangu hautaisha. Lakini ulisema wakati wakubwa walikuwa kimya, na wako watoto wa wenzetu wanaofika salama kwa sababu hiyo." Alielekeza kidole nyumbani. "Nenda umsalimie mama yake. Amekuwa akikuulizia."

Asmaa alivua kandambili mlangoni, akaingia.